Mchanga Hurudi

Mama alizaliwa Nunguni, kule juu kwenye baridi na kabichi, ambako maji hutoka mlimani yenyewe bila kubembelezwa. Alipoolewa Kathonzweni alikuta watu wanachimba maji mtoni kama wanavyochimba viazi kwao. Mto wetu ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, na maji yamelala chini yake. Unapiga magoti, unafukua kwa mkono hadi kiwiko kizame, unasubiri, na shimo linajaa polepole. Mama alichota hapo zaidi ya miaka ishirini, lakini aliwahi kuniambia kwamba hakuuamini ule mto hata siku moja. Alihisi kama anakopa kwa mtu asiyemjua.

Nilikuwa mtoto mwenye kiburi, nikamcheka.

Maji hayo hayakukaa pale kwa bahati. Kuna ukuta. Ulijengwa na mwethya wa kijiji chetu, kile kikundi cha majirani wanaosaidiana kazi, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na wengi wao ni wanawake. Walibeba mawe kichwani kiangazi kizima, wakauziba mto kwa mawe na saruji kutoka ukingo hadi ukingo. Mvua ikaja, mto ukaleta mchanga, mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji yakapata pa kujificha jua. Mama alikuwa miongoni mwao, jiwe kichwani na mimi mgongoni. Siku walipomaliza waliweka sheria moja tu: mchanga wa ukuta hauuzwi. Huko chini ya mto watu walikuwa wameuza wa kwao kwa malori ya wajenzi, wakabaki na miamba, na sisi tuliwasikitikia kwa ile sauti ya watu waliojipanga.

Sheria hiyo ilivunjwa kwa ajili yangu. Nalisema hilo mapema ili msomaji asihangaike kutafuta mkosaji.

Yote yalianza mwaka wa nzige, nikiwa darasa la nane. Tulikuwa shambani tunagonga mabati na masufuria kuwafukuza, ndipo ndege ndogo ikaja kunyunyizia dawa. Ilipita chini hata kuku wakakimbilia ndani ya nyumba. Ilipofika juu yetu ikainamisha bawa upande mmoja, kisha upande wa pili, kutusalimia. Wenzangu walipiga kelele. Mimi nilisimama na sufuria yangu, na nilipoenda kulala nilikuwa nimeshaamua kuwa rubani. Ugonjwa wa aina hiyo hauna dawa ya bei nafuu, na kwetu tulikuwa na ndengu, mbuzi na baba aliyekuwa shemasi wa kanisa.

Nilimaliza kidato cha nne na alama za kujivunia. Ofisi ya basari iliniuliza kwa nini nisisomee uuguzi kama watu wengine. Benki ilitaka hati ya shamba, na baba akasema hati hiyo si yake peke yake, ni ya ukoo. Niliandika barua hadi wino wa kalamu ukaisha, na waliojibu walinitakia kila la heri. Basi kanisa likaitisha harambee. Jogoo mmoja alinadiwa mara saba, kila aliyemnunua akimrudisha ili anadiwe tena, hadi naye akaonekana amechoka na mambo yetu. Mchungaji alihubiri kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, watu wakaitikia amina, na wazee wakaniwekea mikono kichwani wakaniombea. Hakuna aliyeuliza ni nani hasa atakayeinama.

Pesa hizo zilinipeleka Nairobi. Zililipa daktari wa kunipima macho na moyo, vitabu, masomo ya darasani na saa chache za mwanzo za kuruka. Kisha zikaisha. Shule ya urubani haikugombezi wala haikufukuzi. Pesa zikikatika unakaa tu kwenye benchi ukitazama wenzako wakipaa. Ukikaa sana mikono inasahau, na unalipia tena kile ulichokwisha kujifunza. Wenzangu wengi walikuwa watoto wa watu wenye nazo. Mmoja wao aliniuliza mzazi wangu anafanya biashara gani, nikamwambia kilimo, akauliza ekari ngapi.

Kwenye ile harambee alikuwepo mfanyabiashara mmoja kutoka Kabati, ng'ambo ya Kitui, mwenye malori mawili. Alitoa vizuri, na wakati wa kuondoka aliniachia namba yake, akasema nikikwama nimwambie. Nilikwama, nikamwambia. Hakuniomba kitu kibaya. Aliuliza tu kama ule mchanga nyuma ya ukuta, unaopakana na shamba letu, una mtu. Alikuwa mpole, mcha Mungu, alivua viatu mlangoni kwetu hata alipokatazwa. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo, kwamba hata adui wa kulaumu sikupata.

Mwethya ukakutana uani kwetu, watu wamekalia magunia ya ndengu. Baba alisimama akazungumza kama anavyozungumza kanisani, taratibu, akiwaangalia mmoja mmoja. Alisema ukikata mti umekata, lakini mchanga si mti.

"Mchanga hurudi," alisema. "Kila mwaka mto si unaleta? Tutatoa kidogo ya huyu mtoto, na mvua ikikuja itajaza. Tumeona hiyo maneno kwa macho yetu."

Na kweli tulikuwa tumeona. Kila mmoja pale alikuwa ameshuhudia mto ukija mwekundu na mzito, na ukishapita, mchanga mpya umelala safi. Ndiyo maana wakakosea. Mtu wa Nairobi angeuliza wataalamu. Sisi tulikuwa tumeujenga ule ukuta kwa mikono yetu, na tulidhani mtu akishajenga kitu amekijua.

Jirani yetu mmoja, mama mzee aliyewahi kuongoza mwethya wakati wa kujenga, aliinua fimbo yake kuomba nafasi. Alisema hapingi, mtoto ni wa wote.

"Mimi nauliza tu," akasema. "Tukishauza mchanga, maji italala wapi?"

Kisha mtu akamtania kwamba anauonea mchanga uchungu, kwani anataka kuzikwa nao? Watu wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka, maana kwetu mzee hutaniwa kuhusu kifo bila ubaya. Wakapiga kura kwa mikono. Mama ndiye aliyekuwa wa mwisho kuinua wake, na aliuinua huku akiniangalia mimi. Nilimtabasamia.

Malori yakaanza Februari. Vijana walipakia kwa sepetu tangu alfajiri, na jua lilipokuwa kali wakawa wameondoka. Bei ya malori kadhaa ilikuwa saa moja angani. Nikiwa nazunguka uwanja, kupaa na kutua, kupaa na kutua, nilijua ninatumia kipande gani cha mto. Siwezi kusema kilinisumbua. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilikuwa ninaruka.

Mvua ya Machi ilikuja kama mgeni asiyeketi. Mto ulipita siku moja tu, ukaacha mchanga wa kufunika nyayo. Baba alinipigia akasema hiyo si mvua ya kutegemewa, ya Novemba ndiyo yenyewe, na malori yakaendelea.

Kila Jumapili baada ya ibada nilizungumza na mama kwa simu, na kila Jumapili nilimuuliza kuhusu maji. Mwanzoni alikuwa akinijibu kwa mkono: kiwiko tu. Mwezi wa nne akasema bega. Mwezi wa tano akasema siku hizi anaingia shimoni mwenyewe, linamfika kiuno. Mwezi wa sita akasema limempita kichwa, akacheka, akasema sasa wanamwona kitambaa tu. Baada ya hapo hakutaja tena kipimo. Nilipouliza alinijibu neno moja lile lile kila wiki.

"Wewe soma. Maji tuko nayo."

Julai nilipaa peke yangu mara ya kwanza. Wenzangu walinimwagia ndoo ya maji uwanjani, ndiyo desturi yao mwanafunzi akitua salama. Nilicheka nao nikiwa nimelowa chapachapa, kisha nikatazama ile ndoo iliyomwagwa yote ikikauka kwenye lami. Niliondoka pale kabla ya picha.

Agosti nilienda nyumbani kwa siku tatu. Nyuma ya ukuta, mahali tulipokuwa tukicheza kwenye mchanga tambarare, palikuwa na korongo. Malori yalikuwa yamekula kutoka ukingoni kwetu hadi karibu katikati ya mto, na mchanga uliobaki ulisimama wima kama mkate uliokatwa. Maji yalikuwa yamekimbilia chini kabisa, karibu na mwamba, na shimo la kuchotea lilichimbwa mguuni mwa huo mchanga uliosimama. Walikuwa wamechonga vidato vya kushukia. Mtu mmoja alishuka na kopo, akajaza mtungi, na mwingine akauvuta juu kwa kamba.

Aliyeshuka siku zote alikuwa mama. Nilimuuliza kwa nini hawapeani zamu. Yule jirani mzee ndiye aliyenijibu, kwamba mama mwenyewe alikuwa amekataa. Kwa desturi ya mwethya, mwenye kazi hushika pagumu. Likiwa shamba lako linalolimwa, wewe ndiye unayelima penye mawe. Mama alikuwa amewaambia mchanga umeuzwa kwa ajili ya mwanawe, kwa hiyo zamu zote za chini ni zake.

Nilishuka mara moja, ili nimsaidie na ili nionekane nimesaidia. Chini palikuwa na baridi na giza, ingawa ilikuwa saa tisa mchana. Nikiwa nimechutama na kopo nilisikia mchanga ukitiririka nyuma ya mgongo wangu, kidogo tu, kama mtu anayepepeta mtama chumba cha pili. Nikageuka. Hapakuwa na kitu, ila mstari mwembamba wa chembe kavu ukishuka kwenye ule mchanga uliosimama, ukakoma, ukaanza tena. Niliogopa sana. Nilipanda juu mtungi ukiwa nusu na kusema unatosha.

Siku hiyo mama alipokuwa anachambua ndengu kwenye ungo, aliniuliza bila kuinua macho.

"Zimebaki ngapi?"

Nilijua anauliza saa za kuruka. "Kumi na mbili," nikasema.

"Basi tutafika, mwana wakwa."

Nilikuwa na nafasi pale. Ningeweza kusema zilizobaki zingoje mwaka mwingine, nirudi Nairobi nitafute kazi dukani, malori yaambiwe basi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Sikuyasema kwa sababu nilijua mama angenisikiliza. Nimewahi kusikia watu wakisema ujana haujui. Mimi nilijua. Nilikuwa nimeusikia ule mchanga kwa masikio yangu.

Oktoba nikafika kwenye safari ya masafa, ile ambayo mwanafunzi huruka peke yake kutoka uwanja hadi uwanja akitumia ramani. Yangu ilikuwa Nairobi hadi Kitui, Kitui hadi Makindu, kisha kurudi. Nilipotandika ramani mezani na kuchora mstari kutoka Kitui kwenda Makindu, nikaona Kathonzweni iko kando kidogo tu. Nilimpigia baba nikamtajia siku na saa: kama saa tano asubuhi, watazame upande wa Kitui. Baba alitangaza kanisani. Mama alichukua simu akaniambia atavaa leso yake ya manjano nimtambue. Kisha akasema ataamkia mtoni, maana watu wakija kuona ndege ni lazima wapate chai, isije ikasemwa kwa mama wa rubani hakuna maji.

Siku hiyo anga lilikuwa safi. Nilitua Kitui vizuri, nikapaa tena, nikavuka mto Athi. Ukiwa juu, mito ya kwetu ni mistari myeupe iliyochorwa kwenye nchi ya kahawia, mchanga mtupu, inapendeza. Nilifuata wa kwetu kwa macho hadi nikaona ule ukuta, mdogo kama kijiti. Nyuma yake mstari mweupe ulikatika. Palikuwa na doa jeusi, mwamba mtupu, kama chini ya sufuria iliyokwanguliwa. Nililiona likiwa zima kwa mara ya kwanza. Nikasema kwa sauti, humo ndani peke yangu, kwamba mchanga uliotoka pale ndio saa hii ninayoruka.

Kisha nikawaona watu. Walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, kijiji kizima kimejaa mtoni, na wengine walikuwa bado wanateremka mbio kutoka njia ya shule. Nilishuka chini kidogo kuliko nilivyoruhusiwa. Nilitafuta leso ya manjano sikuiona, nikadhani imezibwa na watu. Nikainamisha bawa la kushoto, kisha la kulia, kisha la kushoto tena, kama yule rubani wa nzige.

Hakuna aliyepunga. Wengi walikuwa wameinama wakiwa wamebanana pamoja, migongo juu. Wengine walisimama pembeni wameweka mikono kichwani, na mimi nikadhani wanajikinga jua ili wanione vizuri. Nilizunguka mara moja. Nikawasalimia tena. Kisha nikashika mwelekeo wa Makindu, kwa sababu mafuta yalikuwa yamepimwa na mkufunzi alikuwa ananingoja.

Niliporudi Nairobi nilimwambia mkufunzi kwamba kijiji chote kilitoka kunilaki. Alifurahi, akatia sahihi kwenye daftari langu la saa. Ndipo nikawasha simu nikakuta baba amenipigia mara nyingi, nyingi mno kwa mtu anayehurumia salio. Nilimpigia nikiwa nimesimama pale kando ya ndege, mkono kwenye bawa ambalo bado lilikuwa na joto.

Baba hakulia. Alinieleza kwa mpangilio, kama anayesoma matangazo ya kanisa. Mama alishuka na mtungi wa tatu. Jirani mzee alikuwa juu ameshika kamba. Mchanga uliosimama ulianguka wote kwa pamoja bila kelele, na kamba ikamponyoka mzee mikononi. Walichimba kwa sepetu, kwa masufuria, kwa mikono, na kila walichotoa kilirudi.

"Tulisikia ndege yako," akasema. "Hatungeweza kuangalia juu. Tulikuwa hatujamfikia."

Walimfikia baadaye kidogo. Alikuwa na leso yake ya manjano.

Tulimzika upande wa juu wa shamba, penye udongo mwekundu unaoshikana, baba ndiye aliyeshikilia hapo na si kwingine. Hakuna aliyenilaumu, na ningependelea wangenilaumu. Yule mfanyabiashara wa Kabati alikuja, akavua viatu, akakaa nasi mchana kutwa, na malori yake hayakurudi. Wiki iliyofuata mwethya ulikutana tena uani kwetu. Jirani mzee, ambaye viganja vyake vilikuwa vimechunwa na ile kamba, alisema kilichobaki cha michango ya mazishi nipewe nimalizie saa zangu, kwa sababu mwenzao hakushuka pale chini ili niishie katikati. Walipiga kura kwa mikono. Nilitaka kukataa, nikashindwa mbele ya vile viganja. Nilimaliza. Siku ya kupokea leseni sikumwita mtu yeyote, na sijawahi tena kuinamisha bawa kumsalimia mtu aliye chini.

Mvua ya Novemba ilikuja kweli, kubwa, ya kubomoa madaraja. Mto ulishuka siku tano mfululizo. Ulipokauka, baba alinipigia. Alianza kwa kuniuliza kama nimekula, akaniuliza kuhusu masomo, akazunguka sana. Mwishowe akaniambia ameshuka mtoni asubuhi hiyo. Ule mwamba hauonekani tena, wala vile vidato, wala shimo. Mchanga umejaa hadi ukingo wa ukuta, mpya, tambarare, watoto wanauchezea.

Nilimuuliza kuhusu maji.

Aliniuliza tena kama nimekula. Kisha akasema amepiga magoti akafukua kwa mkono. Yako pale pale pa zamani. Kiwiko tu.